Sikio la Bibi wa Juu

Bibi wa Juu hakuhitaji kuona. Atakuwa jikoni kwake anachoma vitumbua, mafuta yanalia, televisheni inapiga kelele sebuleni, na mtoto kaingia msalani kimyakimya kafungua bomba kidogo tu ili asisikike. Hapo hapo yeye huinua kichwa na kusema, wala bila ya kupaza sauti, "Mfereji." Neno moja tu. Sisi tuliotoka Tanga tulisema bomba, Wakongo wa mlango wa pili walisema robine, lakini ndani ya flati ile kila mtoto, awe wa wapi, alijua kuwa mfereji ni kile kitu cha kuzungusha kilichopo juu ya beseni, na kwamba kikizungushwa kupita haja Bibi wa Juu atasikia.

Hiyo ilikuwa Kilburn, London, miaka ya tisini, katika jengo la kaunsili, yaani la serikali ya mtaa, lenye ngazi za zege na lifti ambayo siku zake za kuugua zilizidi siku za uzima. Mimi nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu aliendesha basi, na akina mama wengi wa jengo lile walikuwa na shifti kama zangu. Watoto walitoka shule kabla sisi hatujatoka kazini, wakapanda moja kwa moja kwake. Jina lake la kuitwa ninalijua, lakini sikumbuki kulitumia hata mara moja. Alikaa juu yetu, basi watoto wakamwita Bibi wa Juu, na sisi wazazi tukafuata. Kuhusu kijiji gani cha Pemba na ukoo gani, waulizwe Wapemba wenzake, wao wana raha ya kuyajibu hayo. Mimi namjua kuanzia mlangoni pake kwenda ndani.

Malipo hakutaka. Alitaka maganda. Mama anayekuja kumchukua mwanawe alitakiwa aje na maganda ya jikoni kwake: ya viazi, ya ndizi, ya vitunguu, majani ya chai yaliyokwisha kazi. Ukija mikono mitupu hakugombi, ila hukutazama mikono hiyo mpaka ukajiona uchi. Nimewahi kupanda ngazi zile jioni, miguu inawaka moto baada ya kutwa nzima ya kunyanyua wazee wa watu, nikafika mlangoni pake nikakumbuka maganda, nikashuka tena kuyafuata. Nilikuwa nikisonya njia nzima. Lakini nilishuka.

Ndani kwake kila kitu kilikuwa na kazi ya pili. Mifuko ya plastiki ya supamaketi ilikunjwa pembetatu kama sambusa na kupangwa ndani ya droo, na kukunja ilikuwa kazi ya watoto baada ya kula. Maji ya kuoshea mchele yalikaa kwenye beseni yakisubiri mimea. Boflo la mkate likikauka lilichovywa kwenye mayai na sukari likakaangwa, na watoto waliopewa boflo bichi kwao walilia wanataka lile kavu la Bibi. Akitaka kuchemsha maji ya chai huanza kwa kuuliza, "Vinywa vingapi?" na mtoto aliyekuwa zamu huhesabu vinywa na kupima vikombe vya maji kabla birika la umeme halijawashwa. Mtoto wa zamu akitia maji ya vinywa vya uongo, basi yeye mwenyewe atakunywa chai mpaka maji yaishe. Mtoto mmoja wa wale Wakongo alikunywa chai ile mpaka akaomba radhi.

Usidhani nyumba ilikuwa ya dhiki. Hilo lilinichanganya mwanzo, kwa sababu nilifikiri mama huyu hana, na nilimpelekea vitu kwa huruma, akavipokea na kunishukuru na kuvigawa kwa wengine. Alikuwa nacho. Alichokichukia ni israfu, na neno hilo alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. Siku hizo hatukusikia mtu yeyote jengoni akizungumzia mazingira. Yeye hakuyazungumzia pia. Yeye alizungumzia maji, mkate, taa na nguo, kimoja kimoja, na alivijua kwa vitendo.

Sasa nikwambie kuhusu kopo, kwa sababu kopo ndilo lililokuwa shule yenyewe. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, rangi yake ya nje imekwishapauka. Kwetu sote tuliokulia pwani, kutawadha kwa kopo ni jambo la kawaida, unajimiminia kidogo kidogo, mikono, kinywa, uso, mpaka miguu. London watu wanatawadha bombani, maji yakimwagika huku wanapandisha mikono ya shati. Bibi wa Juu alikataa hilo katukatu. Mtoto alipewa kopo moja limejaa, na kwa kopo hilo amalize udhu wake. Watoto wa Kikongo, ambao hawakuwa na haja ya udhu, waliosha mikono na nyuso kwa kopo lilelile, na hakuna aliyelalamika.

Hapo ndipo ilipokuwa ile hila yake. Kila mtoto alikuwa na mmea wake kwenye roshani, umepandwa ndani ya kopo la samli lililotobolewa chini: mrehani, au nyanya, au mpilipili. Na mmea huo ulikunywa maji yaliyobaki katika kopo la kutawadhia, hayo tu. Ukibakisha, mmea wako unakunywa. Ukimaliza yote kwa kuchezea, mmea wako unalala na kiu, na wewe unaupita ukiingia na ukitoka. Hakuna aliyekugombeza. Hakuna aliyekuhubiria.

Binti yangu Zuhura alikuwa mdogo bado, wa kupenda kuchezea maji, na mrehani wake ulikufa. Alilia usiku ule na asubuhi yake akagoma kula. Nilipanda ngazi nikiwa nimevimba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama Zuhura. Mbona uso huo?"

"Mtoto analia tokea jana. Si ungeutilia maji tu, Bibi. Kijiko kimoja kingekupunguzia nini?"

"Ningeutilia, naye angejifunza nini? Kwamba yupo mtu wa kumtilia."

"Lakini ni mtoto, Bibi."

"Na mrehani nao ulikuwa mtoto."

Nilikaa kitini kwake bila ya kukaribishwa. Hasira ilinifanya niseme jambo nililokuwa nalo moyoni kwa muda mrefu. Nilimwambia kwamba anajisumbua bure. Hawa watoto ni wa hapa, nilisema, wanasikia Kiswahili lakini wanatujibu kwa Kiingereza, na wakikua watakuwa na nyumba zao, watafungua maji na kwenda zao kutazama televisheni kama watu wote wa mji huu. Haya ya makopo yataishia hapa mlangoni.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha.

"Yatashika," alisema.

"Na yasiposhika?"

"Yatashika, ila mie sitakuwepo kwenye kila mfereji. Wewe ndo utakuwepo, mama yao. Siku utakayoona yameshika, uje unambie kwa mdomo wako."

"Na nisipoona?"

"Basi nyamaza. N'tafahamu."

Ndivyo tulivyoagana. Zuhura alipewa mbegu nyingine, si siku ile wala ya pili yake, bali baada ya kuziomba mwenyewe. Mrehani wa pili ulikua mpaka ukakipita kimo kile kiti alichokuwa akikalia, na harufu yake ilishuka mpaka dirishani kwetu. Lakini mimi sikukubali kushindwa kwa ajili ya mmea mmoja. Kwa Bibi wa Juu kila mtoto alikuwa malaika. Nilichokuwa nangoja ni siku ambayo Bibi hayupo.

Usimfanye walii, lakini. Alikuwa na mambo yake. Sebuleni kwake lilikaa friza kubwa la kulala, la kutosha kuhifadhi ng'ombe, likinguruma usiku na mchana, limejaa muhogo, nguru, majani ya mchicha na nazi zilizokunwa. Taa ya choo ilizimwa hata kama bado umo ndani, lakini friza lile halikuguswa na sheria. Nilimuuliza siku moja umeme wa kitu hiki ni halali kwa dini gani. Akajibu kwamba hicho ni chakula cha wageni, na mgeni hana saa. Televisheni yake iliwaka kutwa, na kipindi alichokipenda kuliko vyote ni cha mieleka. Alikuwa hatembei hata kituo kimoja kama basi lipo. Na vikombe vya udongo vya maua maua alivyonunua kwenye maduka ya vitu vya mitumba vilijaa kabati mbili, vingine havijawahi kuguswa na chai. "Hivyo je?" nilimuuliza. "Hivyo navitazama," alisema. "Kutazama si israfu." Ukibishana naye kuhusu hayo unarudi umechoka, naye hajachoka.

Jambo moja lilimtoa kwenye ucheshi, nalo ni mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume mwenye kazi nzuri na nyumba Barking, mashariki ya London, mtu mpole, mwenye heshima, aliyekuja kumwona mama yake kila Jumapili kwa gari. Akifika chini aliiacha gari inanguruma, akapanda na mifuko ya vitu, akambusu mkono, wakazungumza, na gari muda wote huo inaunguza mafuta barabarani ili asikute baridi akirudi. Siku moja nilikuwepo. Bibi alisimama dirishani akaitazama gari mpaka ilipoondoka.

"Huyu ndo mwanafunzi wangu wa kwanza," aliniambia. "Nilimfundisha yote haya. Nilimfundisha kwa fimbo na ukali. Alichoshika ni kuniogopa, na alipokuwa mkubwa akaacha kuniogopa, basi na yale akayaacha."

Nilielewa siku ile kwa nini hakugombeza watoto wetu, na kwa nini alilisema lile neno la mfereji kwa sauti ya mtu anayekumbushia tu. Nilielewa pia kwamba ile ahadi yetu, ambayo mimi niliichukulia kama ubishi wa majirani, kwake haikuwa mchezo. Alishaanguka mara moja katika mtihani huu, na hakuwa na umri wa kuufanya mara ya tatu.

Eneo la nyuma ya jengo, ambalo sasa watu wanalisifia kwa bustani yake, lilikuwa jaa. Palikuwa na magodoro, matairi na friji iliyokosa mlango. Yeye na watoto walilisafisha kidogo kidogo, akaweka mapipa ya maganda yetu, na maganda yakageuka udongo mweusi ambao watoto waliushika kwa mikono wakishangaa kwamba humo mna ndizi zao. Walipanda mboga, maboga na vitunguu. Halafu Bibi akafanya kosa ambalo Mpemba peke yake angelifanya. Aliona udongo bado hauna nguvu, akakumbuka kwamba kwao mpapai ukidhoofika unafukiwa matumbo ya samaki shinani. Akaenda kwa muuza samaki wa barabara kuu, akapewa ndoo ya vichwa na matumbo bure, na jioni ile wakafukia wote, watoto wakiimba.

Asubuhi jengo zima liliamka na harufu. Mbweha wa London, ambao sisi tulikuwa tukiwaona wakipita kama paka wakubwa wenye haya, walikuja na ukoo wao wote. Walifukua kila tuta. Vichwa vya samaki vilikuwa ngazini, kwenye lifti, juu ya boneti ya gari ya mtu. Kimoja kilikaa sawasawa kwenye kizingiti cha mzee wa Kiairishi wa ghorofa ya chini, kinamkodolea macho. Mzee yule hakuwa mtu wa kucheka, na kabla ya adhuhuri ofisi ya nyumba ilikuwa na malalamiko ya kutosha. Bwana mmoja aliyevaa tai alitumwa. Alitazama, akaziba pua, akasema ikitokea tena pale patamwagwa zege, mwisho wa habari.

Watoto walisimama wamenyong'onyea. Zuhura alikuwa analia kwa ajili ya maboga yake. Nilidhani Bibi wa Juu atamlaumu muuza samaki, au mbweha, au serikali.

"Nimekosa mie," aliwaambia. "Kwetu mnyama huyu hatuna, wala sikuuliza. Mtu akihamia pahala aulize kwanza pana nani. Haya, leteni ndoo."

Akaenda mlango kwa mlango na watoto nyuma yake, wakiosha vizingiti kwa maji yaliyobaki ya kufulia nguo, maana hata siku ile hakukubali kufungua maji mapya kwa kazi ya sakafu. Mlangoni kwa yule mzee alisimama mwenyewe. Alisema kwa Kiswahili na Zuhura akafasiri kwa Kiingereza, mwanangu ambaye nyumbani hata chumvi aliiomba kwa Kiingereza, hapo akitafuta maneno kwa makini ili asimvunjie Bibi wake heshima. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza walifukia kwa kina gani. Akaonyeshwa. Akatikisa kichwa, akasema kwao walikolima viazi hata mtoto angejua kwamba hapo ni juu mno, na akaingia ndani akafunga mlango. Tulidhani yameisha. Jumamosi yake alitoka na mbao na wavu, akatengeneza masanduku yenye vifuniko ambayo mbweha hakuyaweza, na tangu hapo maganda yake ya viazi yalikuwa ya kwanza kufika. Zege halikumwagwa. Wao wawili hawakuwahi kuzungumza bila ya mtoto katikati, na walizungumza kila wiki.

Ilipoingia miaka ya elfu mbili mambo yakageuka kwa namna iliyomfurahisha na kumuudhi kwa pamoja. Shuleni watoto walianza kufundishwa habari za taka na maji. Zuhura, ambaye sasa alikuwa na mikono mirefu na maoni, alipanda kwake kumweleza kwamba dunia iko katika hatari na ni lazima azime taa. Bibi wa Juu alimsikiliza mpaka mwisho, gizani, maana taa alikuwa ameshaizima.

"Kumbe," alisema. "Na wao wameanza?"

Kisha kaunsili ikaleta masanduku ya kutilia chupa na makopo. Jengo zima liliyatoa nje siku ya gari la taka isipokuwa yeye. La kwake alilitia vitunguu. Zuhura alifadhaika kweli kweli, akamwambia lile ni la kurudishia vitu viwandani.

"Nitie nini humo?" Bibi aliuliza. "Chupa hii ya achari. Hii ya samli. Hii ya mbegu zako. Yupi hapa hana kazi, nimfukuze?"

"Bibi, everyone has to do it," Zuhura alisema, kwamba ni lazima kwa kila mtu.

"Basi na waje kwanza watazame ndoo yangu ya taka."

Ndoo yake ya taka, niseme ukweli, ilikuwa na utepe mmoja wa plastiki na betri mbili.

Halafu Zuhura akawa msichana wa miaka ya kujifungia mlango. Aliacha kupanda juu kila siku, na msalani kwetu alikaa chini ya maji ya moto mpaka mvuke ukatoka chini ya mlango na rangi ya dari ikaanza kubanduka. Nilibisha mlango, nilizima hita, niligomba. Hakuna lililosaidia. Na mabomba ya jengo lile yalipita ukutani kutoka ghorofa hadi ghorofa, kwa hiyo Bibi kule juu alisikia kila kitu. Alijua ni maji ya nani na yameanza lini. Hakusema neno, kwa sababu flati ilikuwa yangu. Tulikutana ngazini, tukaamkiana, tukaulizana hali. Mimi nikanyamaza, naye akafahamu, kama tulivyoagana. Niliona aibu kushinda ubishi ule. Ningependa nishindwe.

Magoti yake yalipokataa ngazi, mwanawe alikuja kumhamishia Barking. Ilifanyika kwa siku moja. Friza lilichukuliwa na watu wa taka kubwa, vikombe vya maua vilifungwa kwenye magazeti, na makopo ya mimea yalitupwa kwa sababu, alisema mwanawe kwa upole wake, kule hakuna pa kuyaweka, uwanja umeshasakafiwa kwa ajili ya magari. Bibi hakubishana naye. Lakini lile kopo la maziwa ya unga hakumpa mtu kulibeba. Alilitia kwenye mkoba wake, juu ya pasipoti na dawa. Zuhura alishuka kumuaga, akamkumbatia kwa muda mrefu, na akarudi ndani akaenda kuoga. Niliyasikia maji yakimwagika nikakaa kitandani, na nilihuzunika, si haba.

Nilimwona tena Bibi mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili, siku ya Idd. Zuhura alikuwa amekwisha hama kwetu, ana kazi ofisini na chumba chake Tooting, na alinipitia tukaenda pamoja kwa treni. Nyumba ya Barking ilikuwa nzuri. Mbele hapakuwa na hata jani, magari mawili yameegeshwa juu ya sakafu ya matofali. Ndani taa zilikuwa zinawaka ingawa jua lilikuwa halijazama, na mashine ya kukaushia nguo ilikuwa inazunguka huku nje kuna upepo mwanana. Bibi wa Juu alikaa kwenye kochi pembeni, mdogo kuliko nilivyomuweka akilini, kanga yake mpya ya Idd bado ina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, Bibi."

Hakujibu. Mkwewe, mke wa mwanawe, akanieleza kwamba hasikii, kifaa cha sikio alipewa lakini amekitia kwenye droo kwa sababu kinapiga mluzi. Nikamwamkia tena kwa sauti ya juu karibu na uso wake, akaitikia, akanishika mikono. Akaitazama mikono yangu, mitupu, halafu akanitazama mimi, na nikacheka, maana nilijua anachokitafuta. Aliniuliza habari za mmoja mmoja wa watoto wake wa Kilburn. Lile jingine, la ahadi yetu, hakuliuliza. Tulikunywa chai.

Jua lilipokuwa linatua mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka ya kung'oka meno, aliambiwa akatawadhe. Akakimbilia msalani. Nikasikia maji yakifunguliwa kwa nguvu zote, yanapiga beseni.

Nilimtazama Bibi kwa mazoea. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, anatazama mvuke wa kikombe chake. Hakusikia. Sikio lile lililokuwa likisikia kupita kuta za zege halikusikia maji ya chumba cha pili, na maji yaliendelea, na mwanawe aliendelea kuzungumza kwenye simu, na mkwewe aliendelea kukata keki. Nilitaka kuinuka, lakini si nyumba yangu.

Zuhura alikuwa amekaa karibu na mlango, anamsimulia mkwe yule kwa Kiingereza habari za bosi wake mpya. Alikuwa katikati ya sentensi. Aligeuza uso kidogo kuelekea msalani, hakupaza sauti wala hakuacha kutabasamu.

"Mfereji," alisema.

Kisha akarudi kwenye habari za bosi wake, pale pale alipoachia. Nadhani hakujua kama amesema kitu. Mimi nyumbani kwangu sikuwahi kulitumia neno hilo, na yeye hajawahi kufika Pemba. Maji yakakatika.

Nilivuka chumba nikapiga magoti mbele ya kochi. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatengeneza miaka yote ile, ya kujitetea na ya mzaha, na yote yalinitoka akilini. Nikaweka mdomo sikioni pake.

"Bibi, nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu."

"Unambie nini?"

"Yameshika."

"Nani?"

"Zuhura. Mjukuu wako kafungua mfereji, wewe hukusikia. Yeye kasikia. Kasema kama ulivyokuwa ukisema."

Macho yake yakaenda kwa Zuhura, yakakaa huko, yakarudi kwangu. Yalikuwa na maji, lakini sauti haikuwa nayo.

"Mie n'lijua zamani," alisema. "Wewe ndo umechelewa." Akanisukuma bega kwa ile nguvu yake ya Kilburn. "Haya, inuka. Ende ukautazame. Mfereji wa nyumba hii haufungi vizuri, unadondoka, na hawa wote viziwi."

Nilikwenda. Mfereji ulikuwa unadondoka kweli, tone moja moja. Chini yake limewekwa kopo la maziwa ya unga, lililopauka kabisa sasa, na mtoto yule kasimama kando amelishika kwa mikono miwili, anangoja lijae. Niliponyoosha mkono kulisogeza ili ninawe, alilivutia kwake.

"Usimwage," akaniambia. "Ni ya mrehani wangu."